Simu kubwa kwa mkono mmoja: mnazitumiaje bila kuziangusha?

Mwenge_Posta:
Habari zenu wakuu. Simu ni Samsung Galaxy A35, kioo inchi 6.6. Mkono wa kulia ndio unaoshika simu, wa kushoto uko kwenye bomba la daladala. Shida ni tatu. Kidole gumba hakifiki juu, hasa ile kona ya kushoto ambako programu nyingi zimeweka mshale wa kurudi nyuma. Nikianza kuandika, simu inayumba, kichwa kinataka kulala. Na kidole cha mwisho, kile kinachoibeba kwa chini, kinauma. Nimewasha One-handed mode, ile hali ya kusinyaza kioo ili kidole kifike, lakini inakubali siku ikipenda. Naomba maelekezo yanayoeleweka. Kununua simu ndogo hakumo kwenye bajeti.

Fundi_Kioo:
Mkuu, kabla ya yote achana na hesabu ya inchi. Inchi hupimwa kutoka kona hadi kona, ila kinachosumbua kiganja ni upana. A35 ina milimita 78 kwa upana na gramu 209. Ukiivalisha kava nene la mpira unaongeza milimita kadhaa, na hizo ndizo zinazokinyima kidole gumba kufika upande wa pili. Kava jembamba la plastiki ngumu lenye mgongo usioteleza linasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Sasa hiyo One-handed mode. Ingia Settings, Advanced features, One-handed mode, iwashe, kisha chagua Gesture. Kinachowashinda wengi ni mahali pa kuanzia. Kidole kinatakiwa kianzie katikati ya ukingo wa chini kabisa, pale kwenye kile kimstari cha kusogezea, kisha kiteleze kwenda chini kutoka nje ya kioo. Ukianzia juu kidogo, simu inadhani unasogeza ukurasa. Kava lenye ukingo ulioinuka sana kwa chini nalo linazuia kidole kumaliza safari, kwa hiyo livue ujaribu tena kabla ya kulaumu simu.

Kama unatumia vitufe vitatu vya chini, chagua Button badala ya Gesture, halafu gusa kitufe cha Home mara mbili haraka. Kioo kikishasinyaa, vuta kona yake upate ukubwa unaoutaka. Kuna mshale wa kukihamishia upande wa pili, na ukigusa sehemu nyeusi kinarudi kama kilivyokuwa.

Kibodi_Chini:
Kuyumba wakati wa kuandika kunatokana na uzito kuwa juu ya mkono. Herufi ziko chini kabisa, kwa hiyo mkono unashuka kuzifuata, na sehemu kubwa ya simu inabaki juu bila kushikwa. Dawa ni kuipandisha kibodi, siyo kukaza mkono.

Kwenye Gboard, kibodi ya Google, gusa alama ya miraba minne juu ya herufi, chagua Resize, kisha ivute kibodi yote juu kidogo, kama upana wa kidole kimoja. Sasa mkono unashika karibu na katikati ya simu. Humo humo kuna One-handed, inayoisogeza kibodi kulia au kushoto, na mshale wa pembeni unabadilisha upande. Wanaotumia kibodi ya Samsung waingie General management, Samsung Keyboard settings, kisha Mode wachague One-handed keyboard.

Ujumbe mrefu usiuandike kabisa, usemee. Google iliongeza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti mwaka 2017, cha Kenya na cha Tanzania. Ongeza Kiswahili kwenye lugha za Gboard, halafu gusa maikrofoni. Ndani ya daladala lenye muziki itakosea maneno, hilo ulitegemee. Na kwa sauti za WhatsApp, bonyeza maikrofoni kisha telezesha juu hadi kwenye kufuli. Rekodi inaendelea yenyewe na kidole kinapumzika.

Pembeni_Tu:
Naheshimu maelezo ya Fundi_Kioo, ila mimi siipendi hali ya kusinyaza kioo. Unanunua simu ya inchi 6.6 halafu unaitumia kama ya inchi 4? Tatizo la mdau ni kona ya juu kushoto, na kona hiyo haihitaji kufikiwa kabisa.

Washa usogezaji wa ishara: Settings, Display, Navigation bar, Swipe gestures. Tangu Android 10 ukitelezesha kidole kutoka ukingo wowote, wa kulia au wa kushoto, unarudi nyuma. Mshale wa juu unakuwa pambo. Kwa arifa, shikilia sehemu tupu ya skrini ya mwanzo, ingia Settings, washa Swipe down for notification panel. Sasa unavuta arifa kutoka katikati ya kioo. Programu unazozitumia kila saa ziweke safu mbili za chini, juu waachie saa na hali ya hewa. Kwenye Chrome, shikilia sehemu ya anwani uchague kuihamishia chini. Isipoonekana, sasisha Chrome kwanza.

Ukitaka zaidi, pakua One Hand Operation +, ni ya Samsung wenyewe. Inaweka kishikio chembamba ukingoni, nawe unakipa kazi kwa kutelezesha kidole kwa mshazari kwenda juu, moja kwa moja, au kwa mshazari kwenda chini. Telezo fupi na telezo refu kila moja lina kazi yake. Mpangilio mzuri wa kuanzia: fupi moja kwa moja iwe kurudi nyuma, mshazari wa chini ifungue arifa, mshazari wa juu ilete programu za karibuni. Hayo matatu yazoee kwanza. Ukijaza yote sita siku ya kwanza utakuwa unafungua vitu usivyovitaka. Kishikio usikifanye kipana, maana kitameza miguso ya programu yenyewe, hasa zenye vitufe pembeni.

Nyali_Mtaa:
Nimeona hakuna aliyetaja pete ya nyuma ya simu, ile unayoibandika na kupitisha kidole. Hiyo ndiyo inayookoa kidole cha mwisho, kwa sababu uzito unahamia kwenye vidole vya katikati. Lakini watu huibandika kwa macho tu. Ilaze simu ikiwa na kava juu ya kidole kimoja, kama mizani, utafute mahali inapotulia. Kwa kawaida ni juu ya katikati kidogo kwa sababu ya kamera. Bandika hapo au sentimita moja chini yake, na uijaribu kwanza kwa selotepu.

Gundi haishiki kwenye kava la silikoni, hilo sahau. Kwenye plastiki ngumu, futa kwa spiriti, acha ikauke, kandamiza kwa nguvu, kisha iache usiku kucha bila kuivuta. Simu zinazochaji bila waya hazipendi pete ya chuma, ila A35 haina hiyo kitu, kwa hiyo uko salama. Ukiwa dirishani pia pete inampa mkwapuzi kazi zaidi.

Kiganja_Salama:
Kuhusu maumivu: usikifanye kidole cha mwisho kuwa rafu ya simu. Kikiwa na ganzi pamoja na kidole cha pete, mara nyingi chanzo ni kiwiko kilichokunjwa muda mrefu, maana mshipa wa fahamu wa vidole hivyo unapita hapo. Nyoosha mkono.

Maumivu ya chini ya kidole gumba, upande wa kifundo cha mkono, ni jambo lingine. Fumbata gumba ndani ya ngumi, kisha pinda mkono taratibu kuelekea kidole cha mwisho. Kuvutika kidogo ni kawaida kwa kila mtu. Maumivu makali yanaashiria kano za gumba zimevimba: upumzishe mkono huo, na yakiendelea mwone daktari.

Mwenge_Posta:
Asanteni sana wakuu. Kava limevuliwa, ishara imekubali, na kibodi imepanda. Swali la nyongeza: dada ana iPhone 14 Pro Max, naye anashika kwa mkono wa kulia. Kuna chochote kwake?

Pembeni_Tu:
Ipo, ila ajue anabeba gramu 240, kwa hiyo ushauri wa pete unamhusu kuliko wewe. Achukue ya MagSafe, yaani inayonata kwa sumaku iliyo mgongoni mwa iPhone hiyo, hataharibu mgongo kwa gundi na ataibandua akitaka kuchaji.

Settings, Accessibility, Touch, awashe Reachability. Akitelezesha kidole chini kwenye ukingo wa chini, nusu ya juu ya kioo inashuka. Kama ishara hiyo inamsumbua, kwenye ukurasa huo huo wa Touch kuna Back Tap. Achague Double Tap, aipe kazi ya Reachability, kisha agonge mgongo wa simu mara mbili kwa ncha ya kidole cha shahada. Kwa kibodi, ashikilie kitufe cha emoji au cha dunia na achague ile iliyosogea kulia.

Kinachoudhi kwenye iPhone, hasa kabla ya iOS 26, ni kwamba telezo la kurudi nyuma linaanzia ukingo wa kushoto, ambao ndio wa mbali kwa anayeshika kwa kulia. Ndiyo maana Reachability ataihitaji zaidi yako: anashusha kioo, anagusa mshale.