Mtoto wa darasa la nne asimuliwe habari za mtoto aliyeachwa peke yake?

Wakuu, naomba tulijadili hili bila kufichana. Juzi mzazi mmoja hapa Mbagala alinijia tuisheni amefura. Binti yake halali bila taa tangu niwasimulie watoto Island of the Blue Dolphins, riwaya ya Scott O'Dell ya mwaka 1960. Humo msichana Karana anabaki kisiwani na mdogo wake baada ya watu wao kuondoka na meli. Mdogo wake anauawa na mbwa wakali, naye anabaki peke yake miaka na miaka. "Mwalimu, mtoto wa miaka 10 unamwambia habari za kuachwa za nini?"

Uchungu wake niliuelewa. Ila mimi nasimama na kitabu.

Binti huyohuyo hutoka shule saa tisa, ufunguo shingoni. Mama yuko Kariakoo, hurudi saa mbili usiku. Kwa muda wa saa tano nzima mtoto yuko na mdogo wake, jiko la gesi na mlango. Hofu anayo tangu zamani. Karana amempa tu namna ya kuisema. Na Karana haponi kwa miujiza: anachonga silaha ambazo mila zao ziliwakataza wanawake, anajenga uzio kwa mifupa ya nyangumi. Unajua watoto waliniuliza nini kwanza? Maji alikuwa anapata wapi. Ni watoto wa ndoo na madumu hawa, wanajua maisha huanzia wapi.

Kinachonipungukia ni kwamba kisiwani hakuna jirani. Natamani tuwe na riwaya yetu: mtoto wa Jangwani, Dar es Salaam, mafuriko ya Desemba 2011, maji ya mto Msimbazi yanapanda, na jambo la kwanza analofanya ni kugonga mlango wa pili. Kwa sasa nawafundisha mwenyewe: gonga kwa jirani, kisha piga 116, simu ya mtoto.

Kuna jambo moja niliwaficha watoto. Karana ametokana na mwanamke wa kweli, aliyeishi peke yake kisiwa cha San Nicolas, California, kuanzia 1835 hadi 1853. Alipookolewa na kufikishwa kwa watu, alifariki baada ya wiki saba tu. Mimi niliishia pale meli ilipokuja kumchukua.

Wazazi na walimu wenzangu, nyinyi mngewaambia?