Jina gani linafaa kinga (baisikeli) mpya za mtindo wa zamani? (Lubumbashi)

Atelye_Kampemba

Jambo bandugu. Atelye yetu hapa Lubumbashi inatayarisha kinga za mtindo wa zamani: kadre ya chuma iliyochomelewa kwa shaba njano, freni za fito, madigadi ya bati, taa ya dinamo na kifuniko kizima cha mnyororo. Zitakuwa aina tatu. Ya kwanza ina bomba la juu lililonyooka. Ya pili bomba limeinama, kwa mwenye kuvaa kikwembe (kitenge). Ya tatu ni ya mizigo, uma wa mbele umeongezewa fito mbili za kuutegemeza na kibebeo cha nyuma ni kinene. Magurudumu ni 28 x 1½, ila hiyo ya bomba lililoinama itavaa 26 x 1⅜.

Majina tuliyo nayo mezani: Katanga Classique, Retro 28, Korongo, Kunguru, Mfalme. Mwenzetu mmoja anataka kila aina iitwe kwa mto wake: Lufira, Lufupa, Lualaba. Tunauza hapa, Likasi na Kolwezi, na wanunuzi wa upande wa Zambia wameanza kuuliza. Tuchague vipi, na tuhakikishe nini kabla hatujaagiza stika na vibati vya nembo?

Vipuri_Kenya

Nauza vipuri kwenye komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, kwa hiyo nalisikia jina mahali linapoumia: mteja amesimama dukani bila kinga yake, anataja anachotaka kwa mdomo tu.

Retro 28 ifuteni leo. Hiyo 28 x 1½ yenu hukaa kwenye rimu ya milimita 635. Lakini kuna tairi nyingine nazo zinaitwa 28, za 700C, na rimu yake ni milimita 622. Tofauti ni milimita 13 tu kwenye kipenyo, kwa hiyo mtu ataifosi ile ndogo kwa chuma mpaka ukingo wake ukatike, au ataweka ile kubwa ichomoke kwenye rimu mara akijaza upepo. Isitoshe, ya bomba lililoinama ni 26 x 1⅜, rimu ya milimita 590. Mtakuwa na kinga iliyoandikwa 28 na magurudumu ya 26. Kipimo kiandikwe kwenye karatasi ya vipuri na karibu na rimu. Kwenye jina kisiingie kabisa.

Mito nayo ni mizuri kwenye ramani, kwenye simu ni taabu. Yote inaanza na Lu. Mtu akipiga kutoka Kolwezi, mtandao unakatikakatika, anasema "nitumie uma wa Lufupa", utamtumia wa Lufira. Na uma wa ile ya mizigo hauingiliani na wa nyingine. Aina tatu zianze na sauti tatu tofauti, hiyo ni sheria ya stoo.

Korongo ndilo jina lililo bora masikioni, lakini tazameni kinga kuukuu za Raleigh: nembo yake ya shingoni (bomba la mbele linaloshika uma) ni kichwa cha korongo, na kwenye nyingi hata duara la meno limekatwa kwa umbo la makorongo. Kinga nyeusi yenye freni za fito na ndege huyo huyo shingoni, kila fundi atasema mmeiga Raleigh. Hata mkishinda kesi, hayo maneno ya mafundi hayatafutika.

Kunguru? Hapa Lubumbashi kunguru ni timu ya mpira ya TP Mazembe. Shabiki wa Lupopo, timu pinzani, hatapanda kinga hiyo hata ukimpunguzia bei. Na ndege mwenyewe hana kosa.

Kuhusu Mfalme, wateja wenu wengi watasema Mufalme, kama tunavyosema mutoto na mukubwa. Mkiandika Mfalme kwenye bomba na Mufalme kwenye tangazo la redio, mtakuwa na majina mawili. Chagueni neno ambalo mdomo wa hapa hauligeuzi: lisianze na M iliyofuatwa na konsonanti, lisiwe na dh wala gh, na L na R zisikae pamoja katika neno moja, maana wengi wetu tunazibadilishana.

Jaribio ni rahisi. Wapigieni watu kumi simu, watajieni jina mara moja, waambieni waandike na kuwatumia kwa ujumbe. Wawili wakikosea, bado linavumilika. Wanne wakikosea, tafuteni lingine. Kesho yake waulizeni tena bila kuwakumbusha, mjue nani amelibakiza kichwani. Kati ya hao kumi wawepo wanaosema Kibemba, Kisanga, Kiluba na Tshiluba nyumbani, na muwaulize wazi kama neno hilo kwao lina maana ya aibu.

Dosie_na_Muhuri

Niongeze upande wa karatasi, kwa sababu watu wengi hapa wanachanganya vitu viwili.

Mkipita guichet unique (ofisi ya kuandikisha kampuni) mkapata namba ya RCCM, yaani ya rejista ya biashara, mmeandikisha kampuni na jina lake la biashara. Hiyo haiwapi umiliki wa jina la bidhaa. Jina la kinga ni alama ya biashara, na linafuata sheria namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982 ya mali ya viwanda. Ombi linapelekwa kwenye kurugenzi ya mali ya viwanda ya wizara ya Viwanda, Kinshasa. Ulinzi ni miaka 10, na unaongezwa.

Msidanganywe na mtu anayeuza "cheti cha Afrika nzima". Kongo yetu ya Kinshasa haimo katika OAPI ya Yaoundé wala ARIPO ya Harare, mashirika mawili ya Afrika yanayoandikisha alama kwa nchi wanachama. Cheti cha huko hakiwalindi Lubumbashi.

Kinga ziko kwenye daraja la 12 la orodha ya Nice (orodha ya kimataifa ya kupanga bidhaa na huduma za alama), daraja la vyombo vya usafiri. Mkitaka pia jina la duka la kuuza, ni daraja la 35, na matengenezo ni la 37. Kwa kuanza, lipieni la 12, pesa inayobaki itumieni kwa utafutaji. Tafuteni kwanza kwenye Global Brand Database, hifadhidata ya alama ya WIPO (shirika la dunia la mali ya akili), ni bure kwenye intaneti: andikeni jina, wekeni daraja la 12, kisha rudieni kwa tahajia zinazofanana na kwa tafsiri ya neno kwa Kifaransa na Kiingereza. Hifadhidata hiyo haina kila alama ya kila nchi, kwa hiyo baada yake ombeni utafutaji Kinshasa kwenyewe.

Kuhusu Zambia: Kongo na Zambia zote ziko kwenye Mkataba wa Paris wa mali ya viwanda. Mkiweka ombi Kinshasa, mna miezi 6 ya kuweka ombi la alama ile ile Lusaka, kwa PACRA (ofisi ya Zambia ya kuandikisha alama), na likahesabiwa kwa tarehe ya Kinshasa. Baada ya miezi hiyo, mtu wa Kasumbalesa, pale mpakani, aliyeona kinga zenu anaweza kuwatangulia. Wekeni ombi kabla ya kuonyesha kinga ya kwanza hadharani, hata kabla ya picha kwenye WhatsApp.

Katanga Classique ni dhaifu sana. Neno la kwanza linataja mahali, la pili linaeleza mtindo, na maneno ya namna hiyo kila mtu ana haki ya kuyatumia. Tena mkoa wa Katanga uligawanywa mwaka 2015 kuwa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika, na jina hilo bado lina uzito wa siasa ya Katanga kujitenga, 1960 hadi 1963. Mkifikiria kulipambia msalaba wa shaba, kumbukeni kwamba misalaba mitatu ya shaba ilikuwa kwenye bendera ya wakati ule. Kibati cha kinga kisimwekee mteja mjadala huo barabarani.

Lenye nguvu kisheria ni neno ambalo halihusiani na kinga hata kidogo. Phoenix ya Shanghai, Flying Pigeon ya Tianjin, Hero ya Ludhiana: hakuna hata moja linalotaja gurudumu.

Herufi_Ruashi

Na mawili kati ya hayo matatu ni ndege. Asiyesoma anatambua ndege. Jina linalochoreka linafanya kazi mara mbili, kwa hiyo jiulizeni: je, fundi anaweza kulichora kwa mistari sita kwenye kibati cha sentimita tano?

Upande wangu ni maandishi. Bomba la chini la kadre kama zenu kwa kawaida lina kipenyo cha milimita 28.6, yaani mzunguko wa karibu milimita 90. Herufi isizidi theluthi moja ya mzunguko, milimita 30. Ikizidi, juu na chini yake vinajikunja, na aliyesimama pembeni anaona kipande tu. Milimita 25 ndiyo saizi yangu. Kwa urefu huo, herufi moja na nafasi yake inakula kama milimita 24. Neno la herufi 5 ni sentimita 12, la herufi 10 ni sentimita 24, na hapo bado mnatafuta nafasi ya vishikio vya pampu na waya wa dinamo.

Mkipaka kwa kiolezo cha kukata, angalieni herufi zenye tundu lililofungwa: A, B, D, O, P, R. Kila moja inahitaji kijidaraja cha kushika kipande cha katikati, la sivyo kinadondoka. KORONGO lina O tatu na R moja, lingeonekana limekatwakatwa. Herufi kama I, K, N, T, U, Y, Z hazina shida hiyo.

Stika zinataka mpangilio. Rangi ya kuzuia kutu, rangi yenyewe, msasa wa maji namba 800 kwa mkono mwepesi, stika, kisha vanishi mara mbili juu yake. Mkitumia rangi ya unga ya kuoka, joto lake ni kati ya nyuzi 180 na 200, stika ya plastiki itajikunja. Okeni kwanza, stika baadaye, na vanishi ya hewa mwisho.

Msiweke jina kwenye bomba la juu la kinga ya mizigo. Kamba za mpira wa tyubu zinazofunga magunia ya makala (makaa) zinapita hapo, na zinasugua rangi mpaka chuma. Kifuniko cha mnyororo nacho kinasuguliwa na suruali. Bomba la chini, sehemu ya juu karibu na shingo, ndipo jina linadumu.

Atelye_Kampemba

Aksanti sana, Vipuri, Dosie na Herufi. Tumefuta majina yote matano na wazo la mito. Sasa tuna matatu mapya, yote ya wanyama: Kanga, Pundamilia (tukifikiria wale wa hifadhi ya Upemba) na Nyuki. Mnasemaje? Na je, kibati cha shingoni tukikatishe kwa shaba nyekundu ya hapa?

Vipuri_Kenya

Kanga hapana. "Naomba kengele ya kinga ya Kanga." Semeni hilo mara tatu kwenye soko lenye kelele.

Pundamilia linavutia, na mistari yake mnaweza kuipaka kwenye bomba la kiti, lakini watu watalifupisha. Wakibaki na Punda, mmeuza punda.

Mimi niko na Nyuki. Silabi mbili, halina L wala R, mdomo wa hapa hauligeuzi. Ile ya bomba lililoinama iitwe Malkia, ya mizigo iitwe Kazi, na ya bomba lililonyooka ibaki Nyuki tupu. N, M, K: stoo haitachanganya. Msiite yoyote Dume. Wafuga nyuki wanajua dume la nyuki halibebi chochote.

Herufi_Ruashi

N-Y-U-K-I. Hakuna herufi hata moja yenye tundu lililofungwa, na urefu wake sentimita 12. Kwa kiolezo ni safi kabisa. MALKIA na KAZI zina A, ziandikeni ndogo kwa stika.

Fundi_Shaba

Kuhusu kibati, ndiyo, shaba inafaa, na mafundi wa shaba ya kugonga tuko wengi mjini humu. Chukueni bati la nusu milimita. Lipasheni moto hadi wekundu hafifu, litumbukizeni kwenye maji, litalainika kama ngozi. Gongeni nyuki kutoka nyuma, juu ya lami iliyoganda, kisha mnyooshe mistari kutoka mbele. Mabawa yawe makubwa kuliko mnavyodhani, maana mistari iliyo karibu kuliko milimita 2 inamezana. Kulikunja, litumieni bomba lenye kipenyo kidogo kuliko shingo, kwa kuwa shaba hurudi nyuma kidogo ukiiachia. Shingo ya kadre hizi ni karibu milimita 31.8, kunjeni juu ya bomba la 28.

Sasa jambo la hatari. Shaba ikigusa chuma kitupu na maji ya mvua yakiingia katikati, kinacholiwa ni chuma, na kutu inaanza chini ya kibati mahali msipoiona. Kwa hiyo shingo ipakwe rangi kabisa kwanza, bila kutoboa. Kibati kibandikwe kwa gundi ya mchanganyiko wa chupa mbili, kifungwe kwa utepe wa tyubu kwa saa 24, gundi ijae mpaka kingo zote. Mkilazimika kutumia ribiti, kumbukeni bomba la uma lenye milimita 25.4 linazunguka ndani ya shingo hiyo, na nafasi iliyobaki ni kama milimita 2 kila upande. Mkia wa ribiti ukizidi hapo, utakwaruza uma kila mtu anapokata kona. Mwishoni pakeni vanishi juu ya shaba, la sivyo kwa mvua za Novemba mpaka Machi itakuwa kahawia, kisha kijani.

Dosie_na_Muhuri

Kabla ya kugonga kibati cha kwanza, utafutaji: Nyuki, Nyuky, Niuki, Abeille, Bee, daraja la 12. Angalieni pia michoro ya nyuki, si maneno tu. Neno liwe na ombi lake na mchoro uwe na lake, kama pesa inaruhusu. Isiporuhusu, neno kwanza, kwa rangi nyeusi juu ya nyeupe, ili mbaki huru kubadilisha rangi za kinga.

Vipuri_Kenya

Na kwenye rangi hizo: nyeusi na nyeupe ni Mazembe, njano na bluu ni Lupopo. Nyeusi yenye mistari miwili ya njano kwenye madigadi ni ya nyuki, na kila mmoja ataipanda.