Mrejesho: chembe nyeupe 13.8, mimba wiki ya 22

Wapendwa nimerudi. Wiki iliyopita niliuliza kuhusu FBP yangu (kile kipimo cha damu cha kuhesabu chembe zake), chembe nyeupe za damu 13.8 wakati karatasi inasema mwisho 11, nikawa silali kabisa. Jumatatu nikaenda kliniki, daktari akanielewesha ile 4 mpaka 11 ni ya mtu asiye na mimba, mjamzito zinapanda zenyewe, hasa nyutrofili, zile zinazowahi kuvamia bakteria, zinaweza kufika hata 15 bila ugonjwa na siku ya uchungu zinazidi hapo. Kwa hiyo namba peke yake haisemi una infeksheni.

Ila hakuishia hapo, nashukuru sana, akauliza kama mkojo unachoma nikasema kidogo, mi nilidhani ni mtoto anakandamiza kibofu. Wakapima, chembe za usaha kibao, kumbe hizo ndo chembe nyeupe zenyewe zilizoenda kupigana huko. UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo! Ingeachwa ingeweza kupanda kwenye figo na kuleta uchungu kabla ya wakati. Nimepewa antibiotiki za siku 7, leo ya tatu, kuchoma kumeisha ila dozi namaliza na nitarudi kupima mkojo tena.

Dada uliyeniambia nisinunue vidonge duka la dawa kabla ya kuonwa, Mungu akubariki, nilikuwa nishavishika mkononi.