Broila siku ya 26: ini la njano, bursa imesinyaa. Je, probiotiki itasaidia?

MamaBroila_Kibaha: Habari zenu wafugaji. Nina broila 300, na chakula nachanganya mwenyewe: mahindi, soya, mashudu ya alizeti, dagaa na premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini). Tangu wiki iliyopita wanaharisha majimaji, na chenga za mahindi zinatoka humo kama zilivyoingia. Hawalingani ukubwa kabisa. Jana nilichinja wawili mbele ya bwana mifugo. Ini lilikuwa la njano, ukiligusa linamong'onyoka. Bursa, kile kitezi cha juu ya tundu la haja, ilikuwa ndogo kuliko bandama. Chanjo ya Gumboro, ule ugonjwa wa virusi unaoshambulia bursa, nilitoa siku ya 14 na ya 21. Muuza duka anasema nichanganye probiotiki, tezi itarudi. Ninunue?

Dkt_Mifugo: Pole mama. Hiyo pesa ishike kwanza. Probiotiki ni bakteria wema, wanawabana wabaya wasipate nafasi utumboni. Wanasaidia, ila sumu hawaiondoi. Umri huo bursa inatakiwa iizidi bandama kwa mbali, maana humo ndimo zinamokomaa chembe za kinga. Gumboro huivimbisha, kisha inanywea. Lakini ini la njano linanipeleka kwenye sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka. Mojawapo, aflatoksini, hushambulia ini na kusinyaza bursa, na kuku wa namna hiyo hata chanjo haimshiki vizuri. Mahindi uliyaweka wapi?

MamaBroila_Kibaha: Stoo, sakafuni, tangu masika. Nimetoka kufungua gunia la chini sasa hivi. Yameshikana mabonge, na kwenye kiini kuna vumbi la kijani. Daktari, nimeshawalisha magunia mawili ya haya!

Mfugaji_Moro: Mimi yalinikuta. Nilichanganya udongo wa bentonaiti, wakachangamka.

Dkt_Mifugo: Bentonaiti hunasa aflatoksini tumboni ikatoka na kinyesi, ni kweli. Sumu za ukungu wa Fusari haizinasi vizuri, na hailifanyi gunia bovu kuwa zima. Mama, badilisha mahindi leo hii. Hayo usimpe ng'ombe wa maziwa, sumu hupita kwenye maziwa hadi kwa watoto. Kesho peleka maabara ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) Temeke kuku wawili dhaifu walio hai na kilo moja ya mahindi, ili na Gumboro ipimwe.

MamaBroila_Kibaha: Nimeshamwaga vyombo vyote. Usiku huu wanakula stata, chakula cha vifaranga cha dukani. Kuku wawili wako kwenye tenga, alfajiri napanda gari.