Naomba msaada: maswali ya chemsha bongo ya kushangaza, lakini yasilete ugomvi kwenye ukoo

Mjukuu wa Korogwe:
Wakuu, heshima kwenu.

Mwezi wa 12 ukoo wetu unakutana Korogwe, wazee, vijana na watoto. Safari hii chemsha bongo nimepewa mimi. Zawadi ni mbuzi, kwa hiyo msidhani ni jambo dogo. Mwaka jana aliendesha shemeji, akauliza ni jengo gani linaonekana kwa macho ukiwa mwezini. Jibu lake: Ukuta wa China. Mjomba, mwalimu mstaafu, akasimama akasema hakuna jengo linaloonekana kutoka huko. Wakabishana mpaka ubwabwa ukapoa, na mpaka leo shemeji akimpigia, mjomba hapokei.

Nataka maswali ya historia, sayansi, muziki na filamu ambayo mtu akisikia jibu anasema "acha bwana!", halafu akihakiki kwenye simu anakuta ni kweli. Maswali ya mji mkuu wa nchi fulani siyataki, yanachosha. Na mtu akibisha nifanyeje?

Kahawa Chungu:
Mjomba yuko sahihi. Ukuta ni mrefu sana lakini upana wake ni mita chache tu, na rangi yake haiachani na ardhi. Yang Liwei, Mchina wa kwanza kurushwa na nchi yake anga za juu, mwaka 2003, aliporudi aliulizwa akasema hakuuona. Na hapo alikuwa anazunguka karibu tu na dunia. Mwezini je?

Futa pia lile la binadamu kutumia asilimia 10 tu ya ubongo. Ni uongo unaotembea.

Nyamachoma_tu:
Mbuzi wa kilo ngapi mkuu? Tusije tukahangaika bure.

Binti wa Shangani:
Lazima kuna mtu atakushauri uulize vita fupi kuliko zote duniani, ya Zanzibar na Waingereza, tarehe 27 Agosti 1896. Uliza, ila usiulize ilichukua dakika ngapi. Wapo wanaosema 38, wapo wa 40, wapo wa 45, hapo ugomvi umeununua mwenyewe. Sema "chini ya saa moja" basi.

Uhondo uko kwa yule aliyeshindwa. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25, Khalid bin Barghash akaingia kasri bila ridhaa ya Waingereza. Wakampa mwisho saa 3 asubuhi tarehe 27, na ilipofika mizinga ya manowari ikaanza. Khalid akakimbilia ubalozi wa Wajerumani. Askari wakamsubiri nje wiki kadhaa, akitoa mguu tu wamkamate. Tarehe 2 Oktoba maji yalijaa, mashua ya manowari ya Kijerumani ikasogea hadi bustani ya ubalozi, akapanda moja kwa moja bila kukanyaga ardhi ya Zanzibar. Huyoo, Dar es Salaam. Waingereza walimpata 1916 wakati wa Vita Kuu, wakampeleka Shelisheli na Saint Helena. Baadaye waliruhusu arudi Afrika Mashariki, akafia Mombasa 1927.

Swali lako basi: ni nani aliyetwaa kiti cha Zanzibar, akaja kushikiliwa kwenye kisiwa kilekile alichofia Napoleon? Uone wazee watakavyokuna vichwa.

Fizikia Baridi:
Mko Korogwe halafu mnataka kumsahau Erasto Mpemba? Magamba, Lushoto, hapo juu tu!

Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu Magamba Sekondari. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa na sukari, unaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye friza. Nafasi ikawa inakwisha, yeye akaingiza ya kwake ingali moto. Ikaganda kabla ya ya mwenzake. Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganya mambo. Akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, mwalimu wa huko akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya ulimwengu. Ndipo akamuuliza Dk. Denis Osborne aliyetoka chuo kikuu Dar es Salaam. Wenzake walicheka, ila Osborne alirudi akaijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja.

Angalizo: usiulize kama maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi. Wanasayansi wenyewe bado wanabishana, maana majaribio mengine hayakuliona jambo hilo. Uliza limepewa jina la nani.

DJ Mstaafu:
Upande wa burudani usisome maswali, piga sauti. Nakupa matatu.

"Liberian Girl" ya Michael Jackson inaanza na mwanamke anayesema Kiswahili. Ni nani? Letta Mbulu, wa Afrika Kusini.

Filamu ya Star Wars, Return of the Jedi ya 1983: yule kiumbe mwenye mashavu yaliyoning'inia, anayerusha chombo pamoja na rubani Lando, anaongea lugha gani? Kikuyu! Aliyetoa sauti ni Mkenya aliyekuwa anasoma Marekani.

La tatu ni "Baba Yetu" ya Christopher Tin, sala tunayoijua wote. Iliandikiwa mchezo wa kompyuta, Civilization IV, na mwaka 2011 ikawa muziki wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kupata Grammy. Wakwe wa kanisani watafurahi.

Zuhura ni Nyota:
Sayari ya Zuhura siku yake ni ndefu kuliko mwaka wake. Inajizungusha kwa siku 243 za kwetu, inalizunguka jua kwa 225.

Fizikia Baridi:
@Zuhura ni Nyota, taja ni siku ipi. Ukihesabu kutoka jua kuchomoza hadi kuchomoza tena, Zuhura ni kama siku 117. Kijana mmoja mwenye simu akiliona hilo, kazi imeharibika.

Mjukuu wa Korogwe:
Mbarikiwe sana. La Khalid na la Mpemba nimeyachukua. Vipi hili: Kleopatra aliishi karibu zaidi na binadamu kutua mwezini kuliko na ujenzi wa Piramidi Kuu?

Binti wa Shangani:
Liko salama. Piramidi ilijengwa karibu mwaka 2560 KK, yeye alifariki 30 KK, watu walitua mwezini 1969. Miaka 2,500 upande mmoja, karibu 2,000 upande wa pili.

Kuhusu wabishi: andika majibu yote kabla, funga kwenye bahasha, na mjomba mfanye mwamuzi. Hatabisha uamuzi wake mwenyewe, na mwamuzi hashindanii mbuzi.

Kahawa Chungu:
Na wawili wakilingana pointi, waulize jambo la namba, aliye karibu ndiye anachukua. Kina kikubwa kabisa cha Ziwa Tanganyika ni mita ngapi? Jibu ni 1,470. Wengi watataja mia mbili.