Waziri anavunja, FIFA inafungia, anayekula kadi nyekundu ni mchezaji. Hadi lini?

Wanajamvi, kila FKF, shirikisho letu la soka hapa Kenya, ikiboronga wanajitokeza watu humu kupiga kelele, "Waziri avunje ofisi yote!" Hivi tunasahau haraka kiasi hiki? Si ilishavunjwa!

Tarehe 11 Novemba 2021 Waziri wa Michezo Amina Mohamed aliivunja kamati kuu ya FKF baada ya ukaguzi wa hesabu zake, akateua kamati ya muda chini ya jaji mstaafu Aaron Ringera na kuipa miezi sita. Siku nne baadaye Harambee Stars, timu ya taifa ya wanaume, wakaifunga Rwanda 2-1 pale uwanja wa Nyayo. Mechi iliyofuata ya Stars mnaikumbuka? Ilikuwa Machi 2023, Tehran, dhidi ya Iran. Zaidi ya mwaka mzima timu ya taifa haikugusa mpira! Februari 2022 FIFA ilitufungia pamoja na Zimbabwe, ambao nao serikali yao ilikuwa imefanya yaleyale Novemba ileile ya 2021. Hakuna mechi, hakuna pesa za FIFA, hakuna hata kozi za makocha.

Sasa njooni kwa Starlets, timu ya taifa ya wanawake, maana hapa ndipo damu inanichemka. Wale dada walikuwa wameibamiza Sudan Kusini mabao 15 katika mechi mbili. Raundi iliyobaki ilikuwa Uganda, halafu WAFCON 2022, fainali za Afrika za wanawake, kule Morocco. Wakati huo walikuwa wameshiriki fainali hizo mara moja tu, Cameroon 2016. FKF iliyovunjwa ikaandikia CAF, shirikisho la soka Afrika, kwamba Kenya inajitoa, kamati ya muda ikasema haijajitoa, wizara ikaendelea kutoa taarifa kwa vyombo vya habari. Uganda wakafuzu bila kutoka jasho. Hao wasichana walimkosea nani? Waliiba pesa ya nani? Mchezaji wa kike Kenya hana mshahara wa maana hata ligi ikichezwa, na fainali kama zile ndizo maajenti wanakwenda kutazama. Mwaka mmoja kwa mtu wa miaka 28 haurudi, jamani.

Wanaume nao wakaondolewa kwenye mechi za kufuzu AFCON. Kundi letu lilikuwa na Cameroon, Burundi na Namibia. Namibia! Walifuzu kutoka kundi hilohilo, wakaenda Ivory Coast wakaifunga Tunisia. Tusker nao walichukua ubingwa wa ligi wa 2022 halafu Ligi ya Mabingwa Afrika wakaitazama kwenye runinga kama mimi na wewe.

Na baada ya yote hayo tulipata nini? Novemba 2022 Waziri mpya, Ababu Namwamba, akawarudisha ofisini walewale waliovunjwa, tarehe 28 FIFA ikafungua, kwisha. Mwaka mzima umeteketea na kila mtu amerudi kwenye kiti chake!

Kabla hamjaniita chawa wa FKF, ngojeni. Hao nao wamenichosha. Neno "uhuru wa shirikisho" wanalikumbuka siku mkaguzi akibisha hodi tu. Timu ikitaka tiketi za ndege wanakimbilia wizara. Posho za wachezaji zikichelewa, wanaelekeza kidole wizara. Kasarani na Nyayo ni za nani kama si za serikali? Huwezi kula pesa ya mlipa kodi halafu akiulizia risiti unajificha nyuma ya FIFA. Na wale wajumbe wa kaunti wanaopiga kura za kuchagua viongozi wa FKF wanajulikana: mpira wa mashinani unakufa mbele ya macho yao, uchaguzi ukifika wanalala hotelini kwa gharama ya mgombea. Huo si uhuru ninaoutetea mimi.

Ninachouliza ni hiki: kwa nini kila mara tunatumia nyundo ileile? FIFA haijawahi kukataza mwizi kukamatwa. Kanuni zake zinasema shirikisho lijiendeshe bila kuingiliwa, hazisemi afisa wa shirikisho hashtakiwi. Mfungulie mtu mashtaka kwa jina lake, na kama ana hatia afungwe, shirikisho libaki na wanachama wake waitishe uchaguzi. Kilichotuponza ni Waziri kuchagua wa kukaa kwenye kile kiti.

Na mfano tulikuwa nao mlangoni. Sakata la fedha za timu ya Kenya kwenye Olimpiki ya Rio 2016 lilikwenda mahakamani, likasikizwa shahidi mmoja mmoja, na Septemba 2021 mahakama ya kesi za ufisadi ikawatia hatiani Hassan Wario na Stephen Soi, aliyeongoza msafara wa Kenya kule Rio. Hakuna mwanariadha hata mmoja aliyefungiwa kukimbia kwa ajili ya kesi ile. Na kumbukeni Wario alikuwa nani mwaka huo wa Rio: Waziri wa Michezo. Miezi miwili tu baada ya hukumu hiyo, wizara hiyohiyo inakuja kutufundisha usafi kwa kuvunja ofisi. Mimi nicheke au nilie?

Isitoshe, FIFA ilitufungia 2004, ikatufungia tena 2006. Hapa hakuna aliyevamiwa usingizini. Aliyetia sahihi ile 2021 alijua kabisa kitakachofuata, na mawakili wake walijua.

Kwa hiyo wabunge waifungue Sheria ya Michezo ya 2013, kifungu cha 54, kile kinachompa Waziri mamlaka ya kuteua watu wa kusimamia shirikisho. Msajili wa michezo na ile mahakama ya migogoro ya michezo wapewe meno. Fedha za umma zikaguliwe kila mwaka na ripoti iwekwe wazi, si kusubiri mpaka wakubwa wakosane ndipo mafaili yatolewe kabatini.

AFCON 2027 tunaandaa na Tanzania na Uganda. Tukifungiwa safari hii tutawaburuta majirani kwenye tope letu, na Watanzania humu nawajua, hawatatusamehe.

Haya, wewe unayejiandaa kuandika "avunje" hapo chini, andika pia ni timu gani unataka ibaki nyumbani.