Rais akitua, ndege ndogo zifungiwe anga? Tujadili

Wakuu, tulijadili hili bila jazba. Marekani rais akisafiri FAA, mamlaka yao ya usafiri wa anga, inatoa notamu, yaani tangazo kwa marubani, na anga inafungwa kumzunguka, kawaida duara la maili 30 za baharini, toka ardhini mpaka karibu futi 18,000. Zile maili 10 za ndani kandege kako binafsi hukasogezi. Za nje unapita tu, uwe na mpango wa safari, transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada) iwe na namba uliyopewa, uongee na waongoza ndege, mafunzo hakuna, kuzungukazunguka hakuna. Alafu ndege ya abiria ya shirika inakatiza humohumo na kutua zake.

Kinachoniuma ni Lantana kule Florida, kauwanja kadogo ka ndege karibu na Mar-a-Lago, makazi ya Trump. 2017 Trump alikuwa akija wikiendi kanafungwa, na wikiendi ndo wanafunzi wanajaa. Shule ya urubani inalipa hanga la kuwekea ndege, inalipa walimu, ndege zimekaa zinaangaliana tu. Mi nasema serikali ikifunga biashara ya mtu ilipe, basi.

Mkuu uchungu wako nauelewa ila hesabu umeiruka. Cessna 172, kandege ka injini moja, inakwenda kama maili 120 za baharini kwa saa, maana yake hizo maili 10 za ndani inazimaliza dakika 5, na ndani ya dakika 5 mtu aamue huyu kapotea au ana lake jambo? Mei 2005 Cessna 150 iliingia anga ya Washington, watu wakatolewa mbio White House na Bungeni, kumbe jamaa wamepotea njia. Abiria wa shirika wamekaguliwa, begi lako wewe nani kalifungua?

Kwenye dakika nakupa mkuu. Ila 1994 mtu aliiangusha Cessna pale pale kwenye nyasi za White House, akafa yeye, jengo likabaki limesimama. 172 ikijaa haifiki hata kilo 1,200. Na hata kama ulinzi ni halali, mbona hasara abebe mwenye shule peke yake?

Mnabishana ya rais, ya viwanja vya michezo hukohuko Marekani je? Uwanja wa watu 30,000 na zaidi, ligi kubwa zikicheza, maili 3 za baharini kuuzunguka, chini ya futi 3,000, hupiti, kuanzia lisaa limoja kabla hadi lisaa limoja baada ya mechi. Sasa besiboli haina dakika 90, ikiongezwa rubani aliye juu atajuaje imeisha, asikilize redio ya mpira?